Magari Tuliyonayo, Tuliyoachana Nayo na Tunayoyaota: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Wakutanishe wapenda magari wawili, na salamu zikiisha maswali ni yale yale: ulianza na gari gani, sasa unaendesha nini, na ungeambiwa uchague lolote ungechukua lipi. Msimamo wangu nautaja mapema: gari hupendeka kadiri unavyolijua. Anayelijua gari lake, hata liwe dogo na la zamani, ana raha ambayo mwenye gari la kifahari asiyewahi kufungua boneti haipati.

Mbona mtu hasahau gari lake la kwanza?

Kwa sababu ndilo alilojifunzia kusikiliza. Gari la kwanza mara nyingi limeshapita mikononi mwa watu kadhaa na kila siku lina jambo lake. Unajua kwamba mlango wa nyuma haufungi mpaka uunyanyue kidogo. Unajua kwamba sindano ya mafuta ikifika robo, tangi limeshakauka. Unajua mlio wa feni mkanda wake unapoanza kuchoka, na unajua gia ya pili haiingii mpaka upumzishe mguu kwenye klachi. Hayo hayamo kwenye kitabu cha gari, umeyapata kwa kukaa nalo.

Halafu kuna uhuru. Siku ya kwanza unapoamua mwenyewe kwenda mahali na kurudi saa unayotaka, bila kumsubiri mtu, gari lililokupa uhuru huo hupata nafasi ambayo hata gari bora zaidi baadaye haliichukui. Gari jipya lisilo na tatizo halikuombi chochote, na ndiyo maana watu wengi husimulia kwa kirefu kuhusu lile bovu na kwa kifupi kuhusu lile zuri.

Ni magari gani yamemilikiwa na watu wengi zaidi duniani?

Ukitaka majina matatu tu: Ford Model T, Volkswagen Beetle na Toyota Corolla.

Model T ilitoka mwaka 1908. Mwaka 1913 kiwanda cha Ford cha Highland Park kilianza kuunganisha magari yakiwa yanasogea kutoka kwa fundi mmoja hadi mwingine, na muda wa kuunganisha chasisi moja ukashuka kutoka saa 12 na nusu hadi saa moja na nusu hivi. Bei ikashuka, na watu ambao hawakuwahi kufikiria kuwa na gari wakawa nalo. Uzalishaji ulipokoma mwaka 1927 zilikuwa zimetengenezwa zaidi ya milioni 15.

Beetle, iliyosanifiwa na Ferdinand Porsche, iliipita rekodi hiyo. Zilitengenezwa zaidi ya milioni 21, na ya mwisho ilitoka kiwandani Puebla, Mexico, Julai 2003. Injini yake ilikaa nyuma na ilipozwa kwa hewa, kwa hiyo haikuwa na rejeta wala maji ya kuchemka njiani. Fundi mwenye spana chache na jeki aliweza kuishusha injini nzima chini na kuirudisha siku hiyo hiyo.

Corolla ilianza mwaka 1966 ikiwa na injini ya sentimita za ujazo 1,077 iliyosukuma magurudumu ya nyuma. Kufikia 2021 zilikuwa zimeuzwa zaidi ya milioni 50 kwa jina hilo hilo, ingawa gari lenyewe limebadilika kabisa. Ni gari ambalo wachache huliota, lakini ndilo linalowapeleka kazini wakiwa wanaota mengine, na mimi naliheshimu kwa hilo.

Ningeongeza moja kwa sababu ya jinsi lilivyozaliwa. Mkuu wa Citroën, Pierre-Jules Boulanger, aliwaagiza wahandisi wake watengeneze gari la wakulima: libebe watu wawili na kilo 50 za viazi kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa, na liweze kuvuka shamba lililolimwa na kapu la mayai bila yai kuvunjika. Likatoka mwaka 1948 kwa jina la 2CV na likadumu hadi 1990. Hakuna agizo la gari lililo wazi kuliko lile la mayai. Magari mengi ya leo yana matairi mapana yenye ukuta mfupi yanayokurusha kwenye kila shimo, na yai lisingefika mbali.

Nataka kununua gari lililotumika. Nilikague vipi?

Anza kabla injini haijawashwa. Mwombe mwenye gari asiliwashe kabla hujafika, na ukifika weka kiganja juu ya boneti. Likiwa la moto, jiulize alikuwa anaficha nini, kwa sababu injini yenye shida huonyesha shida yake ikiwa baridi.

Washa mwenyewe huku mtu mwingine amesimama nyuma akiangalia moshi. Moshi wa bluu maana yake injini inaunguza oili. Mweusi, mafuta yanaingia mengi kuliko yanavyoungua. Mweupe kidogo asubuhi ni mvuke tu, lakini mweupe mzito usiokoma, wenye harufu tamutamu, ni maji ya rejeta yanayoingia kwenye silinda. Kisha fungua kifuniko cha oili. Ukikuta utandu mweupe chini yake, gasketi ya silinda hedi, inayozuia maji na oili visichanganyike, huenda imeungua, ingawa gari linalokwenda safari fupi tu kwenye baridi nalo hupata utandu huo. Linganisha na kijiti cha oili na maji ya rejeta kabla hujahukumu.

Bodi ikague mchana, kamwe usiikague usiku wala likiwa limetoka kuoshwa na bado limelowa. Chuchumaa kwenye kona ya bampa la mbele na utazame ubavu mzima kwa mstari mmoja. Mahali palipokunjwa na kunyooshwa pataonekana kwa jinsi mwanga unavyopinda. Tazama nafasi kati ya milango, iwe sawa juu na chini. Tazama bolti zinazoshikilia boneti na mabawa ya mbele, kama rangi yake imebanduka zimeshafunguliwa. Pitisha kidole kwenye mipira ya vioo utafute vumbi la rangi.

Gari lililozama kwenye maji ndilo linalowadanganya wengi, kwa sababu husafishwa likang'aa. Vuta mkanda wa usalama mpaka mwisho kabisa. Sehemu ambayo siku zote hujikunja ndani haipati brashi, na kama maji yalifika hapo utaona mstari wa tope. Inua zulia chini ya kiti cha dereva, shika reli za kiti kuona kama zina kutu, na uamini pua yako.

Ukiliendesha, zima redio. Pita kwenye barabara mbovu usikilize bushi na shokamzoba. Kata usukani mpaka mwisho na usogee polepole: mlio wa taka-taka-taka unatoka kwenye viungo vya ekseli. Likiwa otomatiki, weka gia ya kwenda mbele ukiwa umekanyaga breki. Likichelewa kushika kisha likashika kwa kishindo, giaboksi imechoka, na hiyo ni gharama kubwa.

Mwisho tazama matairi, na usiishie kwenye kashata, yaani michoro inayoshika barabara. Ubavuni kuna tarakimu nne za tarehe: 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi linaweza kuwa na kashata nzuri na mpira umeshakufa.

Nitajuaje kilomita hazikurudishwa nyuma?

Acha dashibodi, tazama vitu ambavyo miguu na mikono hugusa. Mpira wa pedali ya breki uliolika hadi chuma, usukani unaong'aa upande mmoja, kiti cha dereva kilichopasuka ukingo wa kuingilia: gari hilo likikuonyesha kilomita 60,000 tu, usiamini, limetembea zaidi. Risiti za gereji ndizo ushahidi mzuri zaidi, kwa sababu fundi huandika kilomita kila anapobadilisha oili, na namba hizo lazima zipande tu.

Kilomita nyingi ni sababu ya kulikimbia gari?

Si peke yake. Irv Gordon, mwalimu wa Marekani, alinunua Volvo P1800 mpya mwaka 1966, na mwaka 2013 gari hilo hilo likapita maili milioni 3, sawa na kilomita milioni 4.8 hivi. Hakuwa na siri. Alibadilisha oili kwa wakati, akafuata kitabu cha gari na akashughulikia kelele ndogo kabla haijawa kubwa.

Gari lililotembea kilomita 250,000 za barabara kuu likiwa na risiti zote, mimi ningelichagua kuliko la kilomita 80,000 lililokwenda dukani na kurudi tu. Injini huumia zaidi dakika zile za mwanzo ikiwa baridi, kabla oili haijafika joto lake. Safari ndefu hupasha kila kitu, na giaboksi haibadilishi gia kila dakika.

Swali la kuuliza ni kama injini ina mkanda wa taimingi au cheni, kile kinachofanya valvu na pistoni ziende pamoja. Mkanda ni wa mpira na una muda wake, mara nyingi karibu na kilomita 100,000, na muda huo huisha kwa miaka pia hata gari likiwa limesimama. Kwenye injini nyingi ukikatika, pistoni hugonga valvu na injini imekwenda. Muuzaji asiyejua umebadilishwa lini, hesabu kwamba haujabadilishwa, na punguza bei hapo hapo.

Jipya au lililotumika?

Gari jipya hupoteza sehemu kubwa ya thamani yake miaka mitatu hadi mitano ya mwanzo, na anayelipa hasara hiyo ni mnunuzi wa kwanza. Kwa mtu anayetaka gari la kutumia na ana fundi anayemwamini, lenye miaka mitatu au minne ndilo linalofaa. Asiyetaka kabisa kujua habari za fundi na ana uwezo, anunue jipya.

Gia za mkono au otomatiki?

Kwenye foleni, otomatiki. Kwenye barabara ya milimani yenye kona nyingi, gia za mkono, hata kama otomatiki za siku hizi hubadilisha haraka kuliko binadamu yeyote. Jifunze zote, kwa sababu gari la ndoto yako huenda linapatikana kwa aina moja tu.

Lini gari kuukuu huwa gari la kale la thamani?

Shirikisho la kimataifa la magari ya kale, FIVA, hutumia kipimo cha miaka 30, na linataka gari liwe limetunzwa katika hali yake ya asili na halitumiki kama usafiri wa kila siku. Miaka peke yake haitoshi. Thamani hupanda pale ambapo kizazi kilicholiona gari likiwa jipya, kikiwa hakina pesa, kinafikia umri wa kuwa na pesa.

Tunza vitu vidogo vya asili: redio iliyokuja nalo, vifuniko vya ringi, kitabu cha gari, funguo zote mbili. Rangi hupigwa upya na injini hufanyiwa ukarabati, lakini kipande cha plastiki cha dashibodi ambacho kiwanda kiliacha kukitengeneza kinaweza kukusumbua mwaka mzima.

Kwa nini magari mengine huuzwa kwa bei za ajabu?

Uchache, historia na uzuri vikikutana. Ferrari 250 GTO zilitengenezwa 36 tu kati ya 1962 na 1964, na moja ilipigwa mnada mwaka 2018 kwa dola milioni 48.4. Mwaka 2022 Mercedes-Benz iliuza moja ya magari mawili pekee ya 300 SLR Uhlenhaut Coupé kwa euro milioni 135. McLaren F1 zilitengenezwa 106, dereva anakaa katikati, abiria mmoja kila upande nyuma yake kidogo, na chumba cha injini kimefunikwa kwa karatasi ya dhahabu halisi kwa sababu dhahabu huakisi joto vizuri. Mwaka 1998 ilifika zaidi ya kilomita 386 kwa saa.

Lakini bei si kipimo cha ndoto. Magari yanayokaa kwenye maghala yenye hewa iliyodhibitiwa bila kuwashwa yananisikitisha. Wahandisi walikesha kuyafanya yakimbie.

Gari la ndoto yangu sasa limeshuka bei. Nilichukue?

Hapa ndipo ninapowazuia watu, na nawazuia kwa sababu nawapenda. Bei ya gari hushuka, bei ya spea zake haishuki. Gari kubwa la kifahari lenye umri wa miaka 15 linaweza kuuzwa sawa na gari dogo la miaka mitano, lakini kila kifaa ndani yake bado kina bei ya siku lilipokuwa jipya. Chukua Mercedes-Benz S-Class iliyotoka mwaka 1998, aina ya W220. Inakaa juu ya mifuko ya hewa badala ya springi za chuma. Ikiwa nzima, inapita juu ya mashimo kana kwamba hayapo. Mfuko mmoja ukitoboka, unaamka asubuhi na kukuta kona moja imelala chini, na kompresa ikijitahidi kuijaza usiku na mchana nayo itaungua.

Kwa hiyo kabla ya kwenda kuliona, andika vifaa vitano ambavyo mafundi wa gari hilo husema hufa mara kwa mara, uliza bei ya kila kimoja, jumlisha. Kiasi hicho kiwe mkononi siku unaponunua. Kama hakipo, subiri. Ndoto iliyosubiri miaka mitano haifi, na gari lililokufa uani linaua hata hamu.

Kuna ndoto zinazofikika pia. Mazda MX-5 ilitoka mwaka 1989: viti viwili, paa la kukunja, magurudumu ya nyuma yanayosukuma, na uzito chini ya tani moja. Kufikia 2016 zilikuwa zimetengenezwa zaidi ya milioni moja. Haina nguvu nyingi, na haihitaji. Ukikata nayo kona kwa mwendo wa kawaida kabisa, usukani unakueleza magurudumu yanafanya nini, jambo ambalo magari ya bei mara kumi hayafanyi.

Gari la umeme nalo linaweza kuwa gari la kuota?

Limekuwa hivyo tangu zamani. Gari la kwanza kupita kilomita 100 kwa saa lilikuwa la umeme: La Jamais Contente ya Mbelgiji Camille Jenatzy, mwaka 1899. Mota ya umeme hutoa nguvu yake tangu gurudumu linapoanza kuzunguka, na anayelijaribu mara ya kwanza huelewa kwa mgongo kabla hajaelewa kwa akili.

Ukinunua lililotumika, swali kubwa ni afya ya betri, kilomita zinafuata nyuma. Viwanda vingi hutoa dhamana ya betri ya miaka 8 au kilomita 160,000. Nissan Leaf za kwanza, zilizotoka mwaka 2010, betri zao hazikupozwa kwa maji, na zilizoishi kwenye joto kali zilipoteza uwezo mapema. Kwa matumizi ya kila siku, kuchaji kati ya asilimia 20 na 80 huipa betri nyingi maisha marefu.

Je, nahitaji kujua ufundi ili kulifurahia gari?

Huhitaji kuwa fundi. Unahitaji kutoliogopa. Agosti 1888 Bertha Benz alichukua gari la mume wake Karl, mvumbuzi wa gari hilo, bila kumwambia, akaondoka Mannheim na wanawe wawili hadi Pforzheim, umbali wa kilomita 100 hivi, safari ambayo gari halikuwahi kuifanya. Bomba la mafuta lilipoziba alilizibua kwa pini ya kofia. Breki za mbao zilipolika alimwomba fundi viatu azigongelee ngozi. Mafuta aliyanunua kwenye duka la dawa huko Wiesloch. Alirudi na orodha ya mambo ya kurekebisha, na gari likawa bora kwa sababu yake.

Wewe jifunze haya tu: kupima oili, kujaza maji ya rejeta injini ikiwa imepoa, kubadilisha tairi, kupima upepo, na kusoma volti za betri. Betri nzima ya volti 12 ikipumzika husoma karibu 12.6.

Nimelihifadhi gari muda mrefu bila kuliendesha. Linaharibika?

Ndiyo, na kwa kasi kuliko wengi wanavyodhani. Betri hufa, petroli huchacha, diski za breki hushika kutu, matairi hupata bapa pale yalipokaa, na panya hutafuna nyaya. Kuwasha dakika mbili na kuzima hakusaidii, hukusanya tu unyevu kwenye oili na eksozi. Liendeshe nusu saa kila wiki mbili. Kama haiwezekani, chomoa betri, jaza tangi na uongeze upepo kwenye matairi.

Niliuza gari zamani na sasa nalitafuta. Nianzie wapi?

Anza na namba ya chasisi. Namba ya usajili hubadilika na rangi hubadilika, lakini hiyo hubaki. Tangu 1981 magari mengi hutumia mfumo wa herufi na tarakimu 17, usio na herufi I, O na Q ili zisichanganywe na 1 na 0. Ya kabla ya hapo yana namba fupi kwa mtindo wa kila kiwanda. Itafute kwenye karatasi za bima za zamani, risiti za gereji, na picha, hasa zilizopigwa mlango ukiwa wazi, kwani mara nyingi kibandiko chake huwa kwenye nguzo ya mlango au chini ya kioo cha mbele.

Waulize waliolinunua kwako, kisha waliolinunua kwao, na wasimulie kwa nini unalitaka. Watu wengi husaidia wakisikia sababu hiyo. Ukilipata, hakikisha namba inalingana kabla ya kuzungumza bei, na likague kama gari usilolijua, mkanda wa usalama mpaka mwisho na kijiti cha oili, kwa sababu wengine wameliendesha tangu lilipotoka kwako.